Hodi za Batholomeo Kwenye Seva

Kila asubuhi Nasri, fundi wa kompyuta, alifuta vumbi jekundu juu ya seva, kisha akakinga ndoo chini yake, kwa sababu diski ilikuwa inavuja.

Seva hiyo ndiyo iliyotunza majina ya wafanyakazi wote wa Tone Safi, kampuni iliyokabidhiwa maji ya mji baada ya ubinafsishaji. Jina lisilokuwemo halikufungua kompyuta yoyote. Seva ililikataa na kuandika hitilafu kwenye faili lake. Jina la Batholomeo, mkaguzi wa matangi, lilifutwa siku aliyozikwa. Alianguka kutoka tangi la Ihumwa akipima ufa alioripoti mpaka akachosha watu.

Kesho yake aliripoti kazini. Faili likaandika kwamba Batholomeo amebisha hodi kwenye kompyuta ya tangini na amekataliwa.

"Mmemfuta kabla ya arobaini," alisema Dorothea wa masjala. "Marehemu hafukuzwi hivyo. Mwacheni, akiombewa atatulia."

Misa ya arobaini ikasomwa, naye hakutulia. Alibisha mfululizo, na kila hitilafu ilitaja ufa ulipofika: chini ya ngazi, kwenye valvu, kwenye msingi. Faili likanenepa, diski ikajaa, maji yakaanza kutoka. Methali ya ufa na ukuta kila mtu ofisini aliijua, na hakuna aliyeitamka. Walipeana zamu za kumwaga ndoo.

Meneja, Bwana Denis, aliingia amekunja suruali.

"Nasri, diski ikijaa seva inazimika, na wawekezaji wako njiani. Iwe inaandika hitilafu kubwa tu. Faili lipewe nafasi ndogo. Likijaa, maandishi ya zamani yajifute."

"Bosi, mama yangu anaishi chini ya lile tangi."

"Mhamishe, basi."

Tusimpambe Nasri: aliogopa kufutwa yeye pia. Akabadilisha mipangilio, na hodi za Batholomeo zikawa hitilafu ndogo zisizoandikwa, na za zamani zikajifuta. Kufika adhuhuri diski ilikuwa imekauka. Dorothea akairudisha ndoo stoo.

Jioni Nasri alikwenda Ihumwa. Mama yake, Bi Anifa, alikuwa ameinama nyuma ya nyumba, miguu kwenye tope, mchicha umestawi mpaka ukutani.

"Shikamoo, mama. Funga mizigo nikupeleke kwa shangazi, Chamwino."

"Marahaba. Nihame? Miaka yote tunagombania dumu bombani, leo maji yananifuata mlangoni! Dodoma hii, nani anayakimbia maji?"

Nasri alimweleza ufa. Alimweleza na habari za Batholomeo.

"Yule namwona kila siku juu ya tangi, anapima. Jana alinipungia mkono." Bi Anifa akanyoosha mgongo, akamtazama mwanawe. "Lakini kungekuwa na hatari, si ofisi yenu ingekuwa na taarifa? Ipo?"

Nasri alitamani kusema ipo.

"Haipo, mama," akajibu, na ilikuwa kweli.

Bi Anifa akashukuru Mungu, akamfungia fungu la mchicha wa kuondoka nao.