Mshono wa Mama Cheche

Mtaani walikuwa na msemo wao: ukitaka geti nenda kwa Mama Cheche, ukitaka sifa nenda kwingine. Kwa miaka thelathini ya kuchomelea vyuma, mwanamke yule hakuwa na maneno zaidi ya mawili juu ya kazi ya mtu. Fundi wake akimletea kipande alichounga, alivua miwani myeusi, akapitisha kidole juu ya mshono toka mwanzo hadi mwisho, kisha akasema ama "Rudia" ama "Napokea." Rudia hazikuwa na idadi. Napokea, yuko fundi aliyekaa naye miaka miwili akazipata nne, na tarehe za zote nne anazikumbuka.

Sasa taya lake mwenyewe ndilo lililokuwa likifa.

Miaka mitano nyuma alipata saratani ya koo, akapigwa mionzi, saratani ikaondoka. Lakini mionzi ile iliunguza pia mishipa midogo ya damu inayolisha mfupa wa taya. Mate yakakauka, mdomo ukawa haufunguki zaidi ya upana wa vidole viwili. Mwaka huu jino moja la nyuma likaoza, na mfupa chini yake ukaanza kuoza nalo. Daktari mpasuaji, mama mfupi asiyemung'unya maneno, alimweleza waziwazi.

"Tukiling'oa hivi hivi, kidonda huenda kisifunge kabisa. Mfupa hauna damu ya kutosha. Utaingia kwenye chemba ya oksijeni mara ishirini, tuamshe mishipa. Ndipo ning'oe. Halafu mara kumi tena. Ufizi ukifunga, tumeshinda. Usipofunga, nakata kipande cha taya."

"Na kuongea?"

"Utaongea. Ila watu itabidi wakuzoee upya."

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani. Naye hakuzaliwa kunyamaza. "Daktari, huyu ukimkata taya umefunga karakana. Ulimi hauna mfupa, sawa, lakini wa kwake una pa kuegemea."

Mama Cheche hakucheka. Aliogopa, tena aliogopa sana. "Naanza lini?" akauliza.

Siku ya kwanza alisimama mlangoni mwa chumba cha chemba akagoma. Wenzake waliona chemba; yeye aliona tangi. Tangi la chuma lililopakwa rangi nyeupe, lenye madirisha ya mviringo na viti sita ndani, na watu wanataka afungiwe humo hewa isukumwe. Aliwahi kuona tangi la hewa likipasuka na kung'oa mlango wa karakana ya jirani.

"Nipe spana," akamwambia mwendesha chemba, mwanamume mpole ambaye wagonjwa walimwita Mzamiaji kwa sababu kila safari ya mle ndani aliiita kuzama.

"Spana ya nini, mama?"

"Nipe tu."

Akapewa. Akalizunguka tangi lote akiligonga polepole na kutega sikio, mshono kwa mshono, huku wagonjwa watano wakimsubiri, mmoja wao, mwalimu mstaafu mwenye kidonda cha mguu, akiangalia saa waziwazi. Baada ya dakika kumi akarudisha spana. "Aliyeunga hapa ana mkono," akasema, akaingia.

Mzamiaji akaanza kusoma masharti: hakuna kiberiti, hakuna nguo za nailoni, hakuna mafuta ya aina yoyote mwilini. Hapo Mama Cheche akamkatiza. "Mafuta na oksijeni havikai nyumba moja, baba; vikikutana ni moto. Nimefukuza watu kazini kwa kushika valvu na mikono ya grisi."

"Basi leo nimepata mwalimu wangu," Mzamiaji akasema.

Kuzama kwenyewe hakukuwa mchezo. Shinikizo likipanda, masikio huziba, na dawa yake ni kumeza mate. Mate yenyewe ndiyo hayo yaliyokauka. Siku ile ya kwanza alihisi kama msumari unapigwa sikioni. Akainua mkono, Mzamiaji akasimamisha hewa. Akanywa funda la maji, akabana pua, akapuliza, sikio likafunguka. Akaashiria: twende. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kila siku ya kazi alikuwa mle kwa saa moja na nusu, barakoa usoni, hakosi. Hata mwalimu mstaafu akaacha kuangalia saa.

Sasa sikiliza mambo ya siku ya ishirini, maana kesho yake ndiyo ilikuwa ya kung'oa jino.

Midomo yake, kwa ukavu ule, ilipasuka kila mara. Wifi alibeba mkobani kikopo cha mafuta ya mgando, akampa kila alipotoka. Siku ile, kwenye foleni ya kuingia, aliona damu kwenye mdomo wa Mama Cheche, akakifungua kikopo kwa huruma. Mama Cheche akachovya kidole, akapaka, akaendelea na mazungumzo. Hata hakujua kama amepaka. Mganga hajigangi.

Mlango ulipofungwa na barakoa kufika usoni, ndipo ulimi wake ukagusa utelezi. Mafuta.

Mle ndani hakuna aliyejua. Angenyamaza, ishirini zingetimia. Daktari alishasema: pungufu ya ishirini hang'oi, na nafasi nyingine ya upasuaji ni baada ya wiki tano. Mfupa haukuwa na wiki tano. Lakini kulikuwa na watu wengine watano mle ndani, na yeye katika chumba kile, ukimwacha Mzamiaji, ndiye aliyejua vizuri zaidi moto wa oksijeni unavyokuwa. Akaivua barakoa akagonga ukuta kwa ngumi.

"Nitoeni! Nimepaka mafuta."

Mlango ukafunguliwa. "Mama," Mzamiaji akasema, "wewe?"

Neno lile moja lilimuuma kuliko jino. "Mimi," akajibu.

Nje, Wifi alikuwa analia. "Ni mimi niliyempa! Nifungieni mimi!"

"Kikopo chako, mdomo wangu," Mama Cheche akamwambia. "Nyamaza."

Mzamiaji akamsogelea. "Kundi la mchana lina kiti kimoja kitupu. Unawe kwa sabuni, nikukague mwenyewe. Nikikuta mafuta, hakuna kuzama, na jino litasubiri."

Akanawa kwenye sinki la hospitali mpaka mipasuko ya midomo ikawaka kama imetiwa pilipili. Akakaa kwenye benchi kwa saa nne, hapaki kitu, midomo inazidi kuchanika. Zamu ya mchana ilipofika, Mzamiaji akachukua kitambaa cheupe, akamfuta mdomo, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku.

"Rudia," akasema.

Wifi akaziba mdomo kwa kiganja. Miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kumwambia Mama Cheche neno hilo. Mama Cheche akamtazama yule mwanamume, akatazama kitambaa, akageuka akarudi kwenye sinki bila ubishi. Mara ya pili kitambaa kilitoka na damu tu.

"Ingia, mama."

Jino likang'olewa kesho yake. Akazama mara kumi nyingine, na kikopo cha Wifi kikawa kinabaki nyumbani. Kisha wakasubiri wiki saba.

Siku ya majibu daktari alimmulika mdomoni kwa muda mrefu. Wifi aliubana mkoba kama unataka kumkimbia. Hatimaye daktari akazima taa. "Ufizi umefunga," akasema.

"Nipe kioo," Mama Cheche akasema. "Na maji ya kunawa."

Akanawa mikono. Akashika kioo kidogo, akafungua mdomo kadiri ulivyokubali, akaingiza kidole, akakipitisha juu ya ufizi polepole, toka mwanzo hadi mwisho. Alitafuta tundu. Alitafuta ncha ya mfupa. Mahali fulani mshono ulipinda kidogo, hapo akarudi mara mbili.

"Haya, fundi," Wifi akasema kwa sauti iliyokatika, "tuambie basi, daktari wa watu anasubiri."

Mama Cheche akatoa kidole, akaweka kioo mezani.

"Napokea," akasema. Kisha akalia kwa sauti, mdomo wazi, upana wa vidole viwili.