Ng'ombe Aliyelala Chali Kidato cha Tatu

Kwa heshima zote zinazostahili mali ya umma, naanza na projekta ya shule yetu hapa Bariadi. Iliishi ofisini kwa mkuu wa zamani, chini ya kitambaa cha kudarizi, ikitoka tu wanapokuja wageni. Mwalimu Ngeleja wa jiografia aliwahi kuiomba. Ikagoma kuwaka, na mkuu akamwambia mbele yetu, "Mwalimu, rudi kwenye chaki zako." Tulicheka. Tangu hapo, ukimtajia kompyuta anakohoa.

Mkuu mpya, Madam Ikupa, aliondoa kitambaa, akaipeleka projekta ofisi ya walimu. Hakuna aliyeigusa. Ndipo akaja nayo darasani kwetu kufundisha biolojia, akamwalika Mwalimu Ngeleja aangalie. Alikaa dawati la nyuma, pembeni yangu, eneo lisilozoea wageni wa heshima.

Madam akawasha. Ng'ombe akatokea ukutani, miguu juu. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Miguu ikabaki juu.

"Madam," akasema Mihayo, ambaye kwao Bukundi ng'ombe ni wengi kuliko watu, "huyo keshachinjwa. Amebaki kuchunwa."

Darasa zima likacheka. Mwalimu Ngeleja hakucheka. Alishika ukingo wa dawati kana kwamba ni yeye aliyesimama mbele.

Madam akacheka kutuzidi. "Basi mchinjaji, njoo utuonyeshe tumbo la kwanza."

Mihayo akaonyesha matumbo yote manne, akiyataja kwa Kisukuma, Madam akiandika ubaoni majina ya kitabuni. Kipindi kikaisha, ng'ombe bado chali. Mkuu wa shule alikuwa amechekwa, na paa lilikuwa bado mahali pake.

"Mkuu," Mwalimu Ngeleja akauliza kwa sauti ya chini, "kumbe hukujaribu kwanza?"

"Nilijaribu jana, ikakubali. Leo imenigomea. Wiki ijayo njoo nayo wewe, mimi nitakaa hapo ulipokaa."

Alikuja nayo, jasho likimtoka. Madam akakaa pembeni yangu, nikalazimika kuwa na adabu kipindi kizima. Ziwa Victoria likatokea kichwa chini.

Tukasubiri kikohozi. Mwalimu Ngeleja akamtazama Madam. Madam alikuwa amefungua daftari, kalamu mkononi, akisubiri somo.

"Mihayo," mwalimu akasema taratibu, "Nassa yetu ya huku kusini mwa ziwa imehamia Uganda. Njoo uirudishe."

Kicheko nilichokuwa nimekiandaa kwa ajili yake nilikitoa chote. Naye alikuwa akicheka.