Mlango wa Uani

Fundi wa bustani, mwanamke aliyevaa buti, alikuwa akipima uani kwa kamba na vigingi, mwenye nyumba akimfuata kila anapohamia. Palikuwa padogo: ukuta pande tatu, kamba ya kuanikia nguo, na upande wa nne dirisha kubwa la sebule.

"Sitaki kitu kirefu," alisema mwenye nyumba. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, suruali imenyooka kwa pasi. "Nyasi tu. Na benchi pale, lielekee dirishani. Nikikaa ndani nione kila kitu."

"Ua mdogo hupendeza ukigawanywa, kaka. Huku mboga, kule kivuli, katikati kijia cha kokoto. Ukiuona wote kwa mpigo ndipo unapoonekana kiduchu."

"Mimi nataka kuuona wote."

Fundi akamgeukia mke, aliyesimama mlangoni mwa jikoni na sinia la chai. "Na wewe, dada, ungependa nini?"

"Anapenda ninachopenda," mume akajibu, akacheka. Mke akatabasamu kwa midomo tu.

Simu ikaita ndani, mume akaingia. Mke akasogea kama anayekusanya vikombe.

"Dada, toboa ukuta pale nyuma," alinong'ona. "Akitoka anafunga mlango wa mbele na kuondoka na ufunguo. Simu yangu anakaa nayo yeye. Dada yangu yuko mtaa wa pili tu, pale kwenye duka la vitambaa, na hajaniona tangu mvua za mwaka jana."

Fundi aliutazama ukuta wa nyuma. Yeye alikuja kwa ajili ya nyasi.

"Mnaongea nini?" Mume alikuwa amerudi.

"Maji ya kufulia. Namuuliza huwa anayamwaga wapi," fundi alisema. "Ila kaka, kuna tatizo. Udongo na mbolea nitapitishia wapi? Sebuleni?"

Mume akatazama zulia lake jeupe. Uso ukamshuka.

"Itabidi nibomoe kipande cha ukuta wa nyuma, upande wa kichochoro," fundi akaendelea. "Kazi ikiisha, tunaziba."

Mume akaupima ukuta kwa macho. "Sawa. Lakini siku hiyo nitakuwepo mwenyewe."

Na kweli alikuwepo. Alivuta kiti dirishani akaketi. Fundi akabomoa ukuta, akaanza kuingia na kutoka na toroli. Jana yake alikuwa amepita duka la vitambaa. Sasa teksi ilikuwa imesimama mwisho wa kichochoro, na dada mtu alikuwa ndani yake.

Mume alipoinuka kwenda kuwasha feni, mke alitoka jikoni amekumbatia kitu kizito kilichofungwa shuka. Kilikuwa kichwa cha cherehani yake. Akakitumbukiza kwenye toroli, fundi akakifunika kwa gunia. Hawakuwahi kupumua, mume akatokea mlangoni.

"Chini ya gunia kuna nini?"

"Kifusi na mizizi iliyooza. Pisha, kaka, utachafuka."

Hakupisha. Aliinama, akanyoosha mkono. Fundi akaiinua toroli na kuisukuma kwa nguvu zote. Gurudumu likapita kwenye dimbwi, tope likamrukia mume hadi magotini. Akaruka nyuma akilaani, akaingia ndani kujifuta.

Fundi aliikabidhi cherehani kwa dada mtu, akarudi mbio. Alichukua mikeka ya matete aliyoileta kufunikia nyasi changa, akaiegemeza yote dirishani.

"Nenda," alisema.

Mke alikwenda na ndoo mkononi, taratibu, kama anayekwenda kumwaga taka. Kwenye uwazi gauni lilinasa kwenye tofali. Akalivuta, likachanika, akapita.

"Toa hayo matete dirishani!" sauti ilitoka ndani.

"Natoa, kaka." Aliutoa mkeka mmoja. Akapangusa mikono. Akautoa mwingine. Kichochoroni injini ilinguruma, ikafifia.

Mume akatoka. "Mke wangu yuko wapi?"

"Ametoka."

"Ametoka vipi?"

"Kwa miguu yake."

Mume aliokota koleo. Fundi aliona vidole vyake vikikaza mpini, naye nyuma yake kulikuwa na ukuta mtupu. Ndipo majirani wawili, waliokuja kuona kinachobomolewa, wakachungulia kwenye uwazi.

"Hodi jirani! Hongera kwa ujenzi!"

Mume akaliweka koleo chini polepole, kama mtu aliyekumbuka kuwa ana wageni. "Ziba ukuta wangu," alimwambia fundi bila kumtazama.

"Ziba mwenyewe."

Aliacha vifaa vyote, akapita katikati ya majirani. Mbele kidogo akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Wiki kadhaa baadaye alipigiwa simu kwa namba asiyoijua.

"Dada, ni mimi. Siku ile niliondoka hata sikukuaga."

"Ungeaga ningekupiga kwa koleo," fundi alisema. Wakacheka wote wawili, kisha mmoja wao akaanza kulia, na mwenzake akangoja kwenye simu mpaka alipomaliza.