Kompyuta Ikitafuta Ng'ombe

Jumatatu asubuhi Wegesa aliosha sufuria ya uji, akafunga mlango wa nyumba aliyoachiwa na bibi yake pale Makoko, kisha akagonga kaburi la bibi huyo kwa mpini wa jembe. Bibi Ghati akatoka, akakung'uta udongo kwenye kanga.

"Leo tena, mke mwenzangu?"

"Leo tena, Bibi. Twende, tutachelewa."

Walipanda bodaboda moja hadi Kitaji. Dereva hamtozagi Bibi nauli, maana hana uzito.

Huko, ofisi ya kampuni iliyotaka kujenga hoteli ilikuwa na kompyuta iliyocheza chesi na kila mwenye kiwanja kule ufukweni Makoko. Ukifungwa, kiwanja chao. Mkitoka sare, unarudi kesho. Ndivyo mkataba ulivyosema, na watu walishaweka dole gumba ndipo wakaanza kuusoma. Jirani yao Baltazar alichagua mchezo mrefu ili afikirie vizuri. Akafungwa chai yake haijapoa, na sasa analala sebuleni kwa shemeji yake, Bunda. Wegesa, aliyejifunza chesi sekondari, akachagua mchezo wa dakika tatu. Kompyuta ukiipa muda inakumaliza. Ukiinyima, angalau mnahangaika wote.

Chrispin, karani wa kampuni, alimpa Bibi kiti, akabonyeza saa.

Wegesa akasogeza farasi. Kompyuta ikajibu kabla hajainua kidole. Muda si muda malkia wake akaliwa. Kule Makoko greda la kampuni lilikuwa limeshawashwa, limeelekea mlangoni kwake, dereva anasubiri simu tu.

"We mume wetu," Bibi akaiambia kompyuta, "kutwa unakula umeme, mbona hunenepi?"

Kompyuta ikamla Wegesa ngome.

"Na huyu mke mwenzangu unamchezea kila asubuhi. Mahari yake ulitoaga ng'ombe wangapi?"

Kompyuta ikasita. Ikaanza kuwatafuta ng'ombe. Ikatafuta Bunda, ikatafuta Butiama, ikapekua minada yote mpaka Kiabakari. Feni yake ikalia. Hata ndama hakuna. Wegesa akawa anachungulia saa mpaka muda wa kompyuta ukaisha. Kwenye kioo yakatokea maandishi: *Ng'ombe hawajapatikana. Nimeshindwa.*

"Hongera, dada," Chrispin akasema huku anaandika. "Sare."

"Sare vipi? Si imekiri yenyewe?"

"Mfumo hauna sehemu ya mtu kushinda. Kesho saa mbili."

"Mpaka lini, Chrispin?"

"Mpaka ufungwe, dada. Usininunie. Na nyumba ya kwetu ilienda hivyohivyo."

Walikuwa wameshapanda bodaboda Chrispin alipowakimbilia na bahasha. Bibi alikuwa amesahau vidole viwili kwenye kiti. Wiki iliyopita alisahau sikio. Wegesa akashukuru, akatia bahasha kwenye mkoba.

Kule Makoko, dereva wa greda alizima injini, akawasalimia, akaenda kutafuta chapati. Bibi Ghati akashuka kaburini kwa tabu, akaegemeza kichwa, akanyoosha miguu.

"Mjukuu wangu," akasema, na safari hii hakutania, "nitakufa lini vizuri?"

Wegesa akamwekea vidole vyake kifuani, akachukua jembe, akamfunika.

Udongo hakuushindilia.