Kompyuta Nane kwenye Diski Moja

Rozalia alipohamia Kigoma kutoka Bukoba kufundisha kompyuta katika kituo kidogo cha Rusimbi, alikuta darasa lina skrini nane na kompyuta moja tu ya maana. Ndani ya hiyo moja, mwalimu mwenzake Bariki alikuwa ametengeneza kompyuta pepe nane, za programu tu, kila mwanafunzi na yake. Ukiiharibu, unaifuta na kuanza upya, na hakuna kilichovunjika. Rozalia aliupenda ujanja huo.

Shida ilikuwa kuziwasha. Moja peke yake, sawa. Zikiwashwa zote, darasa zima linaganda. Bi Joanitha, muuguzi mstaafu na mkubwa kuliko wanafunzi wote, alikuwa akibonyeza kitufe kisha anatoa sindano na kuanza kufuma.

"Mwalimu, yangu bado inaamka," alisema. "Soksi ya mjukuu imeshafika kisigino."

Watu walicheka. Rozalia hakucheka sana, kwani Jumatatu iliyofuata kulikuwa na mtihani wa vitendo.

"Tuongeze RAM," alisema Bariki, kijana mchangamfu wa Kalinzi ambaye mwisho wa wiki hupiga video za harusi. "Kompyuta ikichoka, dawa yake RAM."

"Tujue kwanza inaumwa wapi."

Wanafunzi walipowasha tena, Rozalia alifungua dirisha linaloonyesha kazi za mashine. Prosesa ilikuwa imetulia. Nusu ya RAM haikuguswa. Diski ndiyo iliyoelemewa, na ukitega sikio uliisikia ikikwaruza ndani ya kasha.

"Hii ni diski ya zamani, ya kuzunguka," alimwambia Bariki. "Windows ya kompyuta yenyewe imo humo, na zile nane zimo humohumo. Zote zinaomba faili kwa pamoja. Ni kama mitumbwi yote ya Kibirizi imetia nanga na mpagazi ni mmoja."

"Kwa hiyo tunataka diski ya pili."

"SSD, ile ya kasi isiyozunguka. Na wewe unayo, ya video zako."

Bariki aliukumbatia mkoba wake. "Hii ina video ya harusi ya Shadia!"

"Ihamishie kwenye diski yako kubwa. Harusi iliyokwisha haina haraka."

Bariki aliguna, lakini Jumamosi asubuhi alikuja na SSD tupu. Walizima kompyuta pepe zote, wakaichomeka SSD mbele ya kasha kwa waya wa USB, wakahamishia humo mafaili yote ya zile nane. Kisha wakaziwasha. Zilijikokota karibu vilevile.

"Nilisema RAM," alisema Bariki.

Rozalia aliona huenda alikuwa amemsumbua mwenzake bure. Akainama kulitazama lile tundu la USB, akajicheka mwenyewe. Lilikuwa la zamani, la mwendo wa kinyonga.

"Bariki, diski yako ina mbio, sisi tumeipitisha kwenye kichochoro. Lete bisibisi."

Walizima, wakafungua kasha, wakaitoa SSD kwenye ganda lake na kuiunganisha moja kwa moja na ubao wa ndani. Diski ya zamani wakaiachia Windows ya kompyuta yenyewe. Safari hii, kabla Bariki hajakaza skrubu ya pili, skrini zote nane zilikuwa zinauliza neno la siri. Bariki aliruka na bisibisi mkononi.

"Dada Rozalia, RAM sitaitaja tena!"

Jumatatu msimamizi aligawa kazi, darasa likawa kimya. Katikati ya mtihani Bi Joanitha alishika kichwa. Alikuwa amebonyeza vibaya na kuifuta kompyuta yake yote. Akamtazama Rozalia. Rozalia hakuruhusiwa kusema neno. Alibaki amesimama ukutani.

Bi Joanitha alivuta pumzi. Akatengeneza nyingine, hatua kwa hatua kama walivyofundishwa, na ikaamka mara moja. Akaanza kazi upya, akaikamilisha, na msimamizi alipopita akaitazama skrini yake na kutia alama ya vema.

"Imana ishimwe!" alipaza sauti kwa Kiha akimsifu Mungu, akasahau kabisa kwamba wengine bado wanafanya mtihani.

Msimamizi alimwomba atulie, huku mwenyewe akizuia kicheko.