Viti Vyeupe vya Impala

Gari lilifika Kitale likiwa juu ya lori, limefunikwa turubai, na hata kabla turubai halijafunguliwa Nasambu alikuwa ameshaisikia harufu yake.

Lilikuwa Chevrolet Impala la mwaka wa sitini na tano, pana kama kitanda cha harusi, lenye taa sita za mviringo kule nyuma. Kwa miaka mingi lilikuwa limekaa bomani kwa Mzee Wangila, nje kidogo ya mji wa Bungoma, kuku wakitagia ndani yake. Sasa mwanawe Kizito alikuwa na duka kubwa la saruji na mabati, amejenga jumba pale pale bomani, na alitaka gari la babake lirudi barabarani. Kazi ya bodi na injini alimpa Kipyegon. Naye Kipyegon akamwita Nasambu, jirani yake wa karakana, ashone viti.

Nasambu alikuwa ameshona viti vya mabasi, vya lori za mahindi, hata vya gari la kubebea maiti. Alidhani amezoea uchafu. Lakini alipopitisha kisu kwenye kiti cha nyuma, sponji ilimwagika kama uji uliochacha. Ndani mlikuwa na panya waliokauka, mayai viza, mavi ya kuku yaliyogandamana na springi, na kitu chenye manyoya ambacho hakutaka kujua ni nini. Alikimbia akatapika nyuma ya mapipa ya oili. Kisha akajifunga leso puani, akarudi.

Kizito alikuwa amesimama mbali, kitambaa mdomoni, akicheka.

"Pole, fundi. Lakini si utaiweka poa? Nataka ngozi ya leza, nyeupe. Nyeupe kabisa."

"Nyeupe huchafuka haraka, boss."

"Hiyo niachie mimi. Hii gari ni heshima ya mzee wangu. Aliinunua akiwa mwenyekiti wa chama cha ushirika cha kahawa. Watu walikuwa wanatoka mbali kuigusa tu. Nataka aione tena kabla Mungu hajamwita."

Maneno hayo yalimwingia Nasambu. Jioni, mafundi walipokuwa wakinawa mikono kwa petroli, walimsifu Kizito. Vijana wa siku hizi wanagombania mashamba ya wazazi wakiwa bado hai, na huyu anafufua gari la babake! Kipyegon alisema angepata mtoto wa namna hiyo angekufa akicheka.

Kazi ikaendelea. Kipyegon alikata kutu yote, akachomelea mabati mapya, akapiga rangi ya samawati. Injini ya zamani ilikuwa imekwama haizunguki, kwa hiyo akaweka nyingine changa aliyoitoa kwenye pikapu iliyopata ajali. Akaongeza breki za diski, usukani mwepesi na mashine ya kupuliza hewa baridi. Nasambu alinyoosha springi moja moja, akashona leza nyeupe akifuata mishono ya zamani, mstari kwa mstari. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile. Kiti cha mbele, kirefu kama benchi la kanisa, alikipapasa kwa kiganja kila alipopita.

Siku chache kabla ya sherehe ya kulibariki gari, iligunduliwa kwamba mbao za ndani ya milango zilibaki Bungoma, stoo. Nasambu akaenda kuzichukua mwenyewe.

Joan, mke wa Kizito, alimpokea vizuri. Alimzungusha nyuma ya jumba, penye vyumba viwili vya mabati vilivyoshikana, akamwonyesha mlango wa stoo. Nasambu alipoufungua, ile harufu ikampiga. Alidhani ni panya tena. Akatazama huku na huku: mbao, magunia, baiskeli mbovu. Hakuna panya. Harufu ilikuwa inapenya kutoka chumba cha pili.

"Kuna nini hapo, mama?"

"Ah, ni mzee tu. Usiende huko, utashindwa kula chakula."

Nasambu alienda.

Mzee Wangila alikuwa amelala juu ya godoro lililolowa hadi likabadilika rangi. Nzi walikuwa wamemtua machoni na hakuwa na nguvu ya kuwafukuza. Sahani ya ugali uliokauka ilikuwa sakafuni, mahali ambapo mkono wake haungefika. Nasambu alipomwinua kidogo, shuka ilikataa kuachana na mgongo. Vidonda.

"Mulembe," mzee akamsalimu polepole, kama mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni. Kisha akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nanuka."

Nasambu alimlaza tena taratibu. Alitoka, akamwambia Joan, "Naomba maji moto na sabuni. Na shuka safi."

"Msichana wa kazi aliacha," Joan akasema. "Mimi hiyo kazi siiwezi, roho yangu ni nyepesi. Kizito amesema tutatafuta mtu baada ya sherehe."

Maji aliyaleta, akasimama mlangoni ameziba pua. Nasambu alimwosha mzee wa watu, mgongo, mapaja, katikati ya vidole, akimweleza kwamba ametoka Kitale, huku mzee amefumba macho kwa aibu. Alipomaliza, mzee alimshika mkono.

"Unarudi Kitale? Utapita Misikhu. Mtafute binti yangu Phelista, anafundisha shule ya msingi hapo. Mwambie bado niko."

Jikoni, Joan alikuwa ameandaa chai ya maziwa na mandazi. Nasambu, ambaye hakuona kinyaa hata mara moja alipokuwa akiosha vidonda, hakuigusa ile chai. Alibeba mbao zake akaondoka. Akiwa stendi alimpigia Kizito simu.

"Bwana Kizito, nimemwona baba yako."

"Fundi, wewe shona viti. Mambo ya boma yangu yana wenyewe."

"Anaoza akiwa hai."

"Ni uzee, bana! Wewe hujawahi kuuguza mtu. Ile leza ya milango imefika?"

Nasambu akakata simu. Alitema mate pembeni, akajipangusa mdomo kwa nguvu, kama mtu aliyekula kitu kibovu.

Nasambu alimkuta Phelista akisahihisha madaftari kwenye kivuli cha ukuta wa darasa. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, na alisikiliza yote bila kumkatiza. Kisha akaweka kalamu chini.

"Nikipiga simu naambiwa amelala," akasema. "Nikienda naambiwa daktari amekataza wageni. Ati mzee ana nesi. Nami nikaamini, kwa sababu ni ndugu yangu."

Kesho yake Phelista alienda Bungoma, akakuta lango limefungwa. Mlinzi alimwambia mwenyewe hayupo na mtu haingii. Kizito akamtumia ujumbe: aje Jumamosi kwenye sherehe kama wageni wengine, atamwona babake.

Jumamosi, bomani kulikuwa na mahema, viti vya kukodi na sufuria za pilau. Impala lilikuwa limeegeshwa katikati ya nyasi, liking'aa, na watu walijipanga kupiga nalo picha. Nasambu alikuja na Kipyegon kwa sababu walitakiwa kulitambulisha gari. Phelista alikuwa amefika na mumewe kwa pikapu.

Baada ya maombi, Kizito alishika kipaza sauti. "Sasa namuita mwenye gari. Baba yangu mpendwa!"

Vijana wawili walimleta mzee wakiwa wamembeba kwenye kiti. Walikuwa wamemvalisha suti nyeusi na kofia, wamemmwagia marashi mengi. Kizito alifungua mlango wa mbele. Kabla mzee hajakalishwa, alitoa karatasi ya nailoni, ile ya kufunikia saruji, akaitandaza juu ya leza nyeupe na kuipapasa ilale vizuri.

"Ficha hiyo ukingo, inaonekana kwa picha," mpiga picha akasema. Kizito akaiingiza chini.

Mzee akakalishwa. Jua lilikuwa kali, na marashi hayakuweza kushindana na vidonda. Wageni wa mbele walirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, wakijifanya wanatafuta kivuli. Kizito alikuwa ameinama kando ya babake, anatabasamu kwa kamera bila kuvuta pumzi. Mzee aliinua mkono auguse usukani, akateleza kwenye nailoni, akaangukia mlango. Watu wengine wakacheka.

Phelista alipita katikati yao. Alimwegemeza babake kifuani, akaishika ile nailoni na kuivuta yote, akaitupa kwenye nyasi.

"Baba si nyama ya kufungwa kwa karatasi."

"Phelista, usiniaibishe mbele ya wageni," Kizito akanong'ona.

Mzee alikaa juu ya kiti chake. Akaushika usukani kwa mikono yote miwili. Labda alikuwa karibu kusema neno, lakini mkojo ulimtoka, ukaenea polepole kwenye leza nyeupe.

"Kiti!" Kizito alipiga kelele. "Mtoeni! Kiti yangu! Mtoeni haraka!"

Mahema yote yalisikia. Nasambu alimtazama yule mtu, shati lake la kitani, meno yake meupe, mate yakimruka mdomoni, akaona kwamba ndani ya lile gari bovu hakuwahi kukutana na uchafu kama huu. Alienda upande wa pili, akaingiza mikono chini ya mapaja ya mzee. Yeye na Phelista wakambeba hadi kwenye pikapu, ambako mume wa Phelista alikuwa ameshatandika blanketi. Hakuna aliyewazuia. Nyuma yao Joan alikuwa akiita mtu alete sabuni.

Jumatatu Kizito alipiga simu akitaka kiti kishonwe upya.

"Tafuta mwingine," Nasambu akamwambia.

Mzee Wangila aliishi Misikhu hadi msimu wa kuvuna mahindi. Vidonda vingine vilipona, vingine vilikataa. Alikufa akiwa mkavu na msafi. Lakini mila ni mila, ilibidi azikwe bomani kwake, na huko Kizito ndiye aliyepanga kila kitu. Impala lilitangulia msafara kutoka mochari, utepe mweusi kwenye boneti, picha ya marehemu juu yake: ile ile iliyopigwa siku ya sherehe, mzee ndani ya suti. Kizito alilia kwa kipaza sauti. Alieleza jinsi alivyomfufulia babake gari ili afurahie siku zake za mwisho, na watu waliguna kwa huruma, wengine wakapiga makofi.

Nasambu alisimama karibu na jiko na Phelista. Mtu akampa sahani ya wali na nyama. Aliishika mpaka mafuta yakaganda.

Mwanamume mmoja mwenye koti zuri alimsogelea. "Dada, nimeambiwa wewe ndiye ulishona viti vya ile gari. Kazi safi sana! Nami nina yangu ya zamani nyumbani Kachibora."

Nasambu alitazama kule, ambako watoto walikuwa wakifukuzwa wasiiguse leza nyeupe.

"Hapana," akasema. "Si mimi."

Akampa Phelista sahani, akaenda barabarani kutafuta gari la Kitale.