Moto wa Bi Freny

Kidawa aliianza Jumamosi ile akiwa hoi. Kwa miaka sasa alikuwa akipanda kilima kutoka mtaa wa Troyeville hadi mtaa wa Kensington kumwogesha na kumlisha Bi Freny, mjane wa Kiparsi aliyezaliwa Unguja na kuondoka huko akiwa kigori. Kiswahili chake kilikuwa bado kile cha Shangani, mtaa wa utotoni mwake, nacho ndicho kilichowaunganisha.

Chumbani mwa bibi, ndani ya chetezo cha fedha, uliwaka moto mdogo wa sandali. Mwanzoni Kidawa alikataa kuugusa.

"Mie Muislamu, Bibi. Siabudu moto."

"Na mie siuabudu," Bi Freny alicheka. "Wewe una kibla chako, mie kibla changu mwanga. Ninayemuomba ni Ahura Mazda, Mola aliyeumba mbingu."

Mikono ya bibi ilipoanza kutetemeka, Kidawa akawa anautia kuni yeye, huku akisema bismillahi kimoyomoyo. Naye bibi akawa anamsimulia wafalme wa Uajemi wa kale. Aliyempenda zaidi ni Dario, aliyechongesha maneno yake kwenye mawe.

"Mfalme mwenye majeshi yote yale, wajua aliomba nini? Mola ailinde nchi na adui, na njaa, na uongo. Uongo kauweka pamoja na njaa, mwanangu!"

Jumamosi hiyo Jamshid, mwanawe wa pekee, alifika kutoka Midrand, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akamvuta Kidawa jikoni, akamnong'oneza kwa Kiingereza. Amempatia mama yake nafasi kwenye nyumba ya wazee kule Midrand, wanaondoka leo. Huko moto hauruhusiwi.

"Mwambie anakwenda kupumzika kidogo, atarudi. Wewe anakuamini."

Kidawa akaketi ukingoni mwa kitanda. Mgongo ulimuuma. Uongo ulikuwa mwepesi, ungeisha upesi, naye angewahi teksi. Akafungua kinywa, maneno yakamgomea.

"Bibi, Jamshid anakuhamisha. Hurudi tena hapa. Na moto hauendi."

Bi Freny aliutazama moto.

"Nilijua tangu alipokuja kupima makabati. Nilikuwa nangoja nani ataniambia." Akafumba macho. "Nimechoka, Kidawa. Hata kuomba nimechoka. Usiuzime kwa maji, wala usiupulize. Uache ujifie wenyewe."

Jamshid alikuwa mlangoni. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini uso wa mama ulimtosha. Alimkazia macho Kidawa, kisha ghadhabu ikamwisha. Akapiga magoti, akaanza kumvisha mama yake soksi.

Gari lilipoondoka, Kidawa alibaki ameegemea ukuta. Mumewe Seif akapiga simu.

"Unakuja?"

"Bado. Kuna moto nausubiri uzimike."

Ulichukua alasiri nzima.

Wiki iliyofuata alipanda teksi mbili hadi Midrand. Alimkuta Bi Freny amelala, mdomo wazi kidogo. Hakumwamsha. Alivuta kiti karibu, akaushika mkono wake, na haukupita muda naye akasinzia.